Nimeombwa nimpongeze jukwaani, nami najua siri ya beji yake

Mshauri, pole na kazi.

Nakuandikia usiku kwa sababu mchana simu yangu haitulii. Kundi la familia linabishana kuhusu rangi ya fulana. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 17, amefikia beji ya juu kabisa ya skauti. Kwa wasioijua njia hiyo, si beji ya kupewa kwa kuhudhuria tu. Kuna ngazi za kupanda moja baada ya nyingine, kuna beji za ujuzi, huduma ya kwanza, kambi, ramani na dira, na mwisho kabisa kuna mradi wa huduma kwa jamii ambao skauti mwenyewe anaubuni, anaupanga na kuusimamia mpaka ukabidhiwe. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko. Mimi nilikuwa skauti nikiwa msichana, nikaishia ngazi ya pili, na huyu kijana alipoanza akiwa na miaka 11, skafu aliyovaa ilikuwa yangu ya zamani. Mafundo yake ya kwanza tulifunga pamoja kwenye mguu wa meza.

Kaka ameamua tufanye sherehe, na si sherehe ndogo. Ukumbi umeshalipiwa, kadi zimeshatoka, fulana zina picha ya kijana akipiga saluti ya vidole vitatu. Kila mtu ametoa mchango wake. Mama yetu, ambaye miaka hii miguu haimruhusu kwenda popote, amesema huko atakwenda hata kwa kubebwa. Na kwa kuwa mimi ndiye "skauti mwenzake", nimepangiwa kutoa hotuba: nieleze safari yake yote, hasa ule mradi, kisha nimwite baba yake aje ambandike beji.

Wiki iliyopita kijana alikuja nyumbani bila taarifa. Alinikuta naanika nguo, akachukua vibanio akaanza kunisaidia. Tukaongea mambo ya shule, ya bibi yake, ya mpira. Tulipofika kwenye shuka la mwisho, yeye ameshika ncha moja na mimi nyingine, ndipo akasema, "Shangazi, ule mradi sikuumaliza mimi."

Alivyonieleza ni hivi. Alichagua kutengeneza rafu 12 kwa ajili ya shule ya msingi ambayo vitabu vyake vilikuwa vimerundikwa sakafuni kwenye maboksi. Alianza vizuri. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akapima chumba, akachora, akatafuta mbao, kisha akakusanya skauti wadogo sita wa kikosi chake wakakata na kupigilia. Rafu nne zikaisha. Moja imepinda kidogo upande wa kulia, yeye mwenyewe anacheka akiitaja. Halafu mitihani ikaingia, wale wadogo wakaanza kukosekana mmoja mmoja, na kaka akaona muda unakwenda. Bila kumwambia mtoto, akaita mafundi seremala. Ijumaa mpaka Jumapili rafu nane zikasimama, zimepigwa msasa na vanishi. Kijana anarudi kutoka shule anaambiwa, "Kazi imekwisha." Jioni ile kitabu cha kumbukumbu za mradi kikajazwa: kaka anataja tarehe na saa, mtoto anaandika.

"Siku ya kukabidhi," akaniambia, "fundi mmoja alikuja kuchukua randa yake aliyoisahau. Akaniuliza, kumbe wewe ndiye mtoto wa mzee? Shangazi, mradi ni wangu, na fundi hanijui."

Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia rafu zipo, watoto wanazitumia, shule imeshukuru. Akanitazama, akaniuliza, "Kanuni ya kwanza inasemaje?" Nikaijibu bila kufikiri kwa sababu haisahauliki: heshima ya skauti ni kuaminiwa. Hakuongeza neno. Wakati wa kuondoka akaniomba nisimwambie mtu, hasa baba yake. Nikaahidi.

Sasa nimekwama. Nikisimama na kuusifu mradi, nitakuwa nadanganya mbele ya mama yangu, na mbele ya mtoto anayejua kwamba najua. Nikikataa hotuba, kaka ataniuliza sababu. Nikimweleza kaka, nimevunja ahadi. Nikienda kwa kiongozi wao wa skauti, kijana anaweza kunyang'anywa beji siku chache kabla ya sherehe, na ukoo mzima ukanigeuka.

Kuna jambo jingine, acha niliseme kabla hujaliona mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alikuwa katika kundi hilohilo la skauti, umri wao ni mmoja. Aliacha miaka miwili iliyopita, bado ngazi mbili afike mwisho, kwa sababu sikuwa na uwezo wa kumlipia kambi na yeye hakutaka kuombewa. Mume wangu nilipomsimulia haya alisema, "Angalia usije ukaitwa mwenye kijicho." Si wivu, mshauri. Huyu mtoto nampenda kama wangu. Ila inaniuma kuona beji inanunuliwa, wakati mwanangu alijiondoa kimyakimya na heshima yake. Narudia, si wivu.

Na kaka si mtu mbaya. Alipomaliza shule, wa kwanza darasani, hakuna aliyekwenda kumpokea. Baba yetu alikuwa mbali, mama alikuwa kazini. Alirudi kwa miguu, cheti kimo ndani ya mfuko wa nailoni. Kisa hicho amenisimulia mara nyingi, na kila mara anacheka mahali ambapo hapachekeshi.

Nishike lipi?

Shangazi Njia Panda

* * *

Mpendwa Shangazi,

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila mara nimekwama palepale, kwenye kamba ya nguo. Kijana wa miaka 17 ana simu, ana marafiki, ana kiongozi wake. Akaja kuanika nguo za shangazi yake, akapitia habari za mpira na za bibi, mpaka shuka la mwisho ndipo neno likamtoka. Alichokuletea ni kizito kwake, na kakupa wewe ukishike ncha moja. Kabla ya yote, hongera kwa kuwa mtu anayeweza kuletewa jambo la namna hiyo.

Kama nimekuelewa, umeombwa kuwa shahidi mbele ya watu wa jambo ambalo mwenyewe amekuambia halikwenda hivyo. Umebanwa na ahadi uliyompa, na kaka unayemwonea huruma hata unapomkasirikia, na mama ambaye huenda hatatoka tena nyumbani kwa furaha kama hii. Halafu chini ya hayo yote kuna mwanao, ambaye umemwandika karibu na mwisho, kama mtu anayepita nyuma ya picha. Nitamrudia.

Kwanza niguse neno moja ulilolitumia: umesema beji "inanunuliwa". Ninaelewa kwa nini limekutoka, lakini tulipime. Miradi ya namna hii haikuwekwa ili kujua nani anajua kupiga randa. Skauti wa Marekani, kwa mfano, wanaowania daraja la Eagle Scout, ambalo ndilo la juu kabisa kwao, hutakiwa kuwa na beji za ujuzi zisizopungua 21, na juu yake mradi wa huduma ambao masharti yake yanadai mambo matatu: kijana aupange, auendeleze, na aongoze wengine kuutekeleza. Hakuna anayedai apige kila msumari kwa mkono wake. Wengine huomba msaada wa watu wazima, wengine wa mafundi pale kazi inapohitaji utaalamu, na hakuna aibu ndani yake. Taratibu za chama chenu zinaweza kutofautiana na hizo, lakini mzizi wa uskauti ni huohuo tangu Agosti 1907, mwanzilishi wake Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, alipowapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwachanganya watoto wa wenye nazo na watoto wa wafanyakazi, akawagawa vikosi vinne, na kila kikosi akampa mvulana akiongoze. Mtu mzima alikuwepo, lakini hakushika usukani wa kikosi.

Kwa kipimo hicho, mafundi kuingia kwenye ule mradi si kosa. Swali ni nani aliyewaongoza. Na hapo fundi wa randa ametupa jibu bila kujua: hakumjua kijana. Kwa hiyo kijana ana haki ya kuumia, maana alipokonywa usukani akiwa shule. Lakini kwa kipimo hichohicho, zile rafu nne ni zake kabisa, na naona hata yeye amezipunguza thamani. Alimwendea mwalimu mkuu peke yake. Alipima chumba. Aliwakusanya watoto sita na kuwafanya wakate mbao mpaka rafu nne zikasimama, moja ikiwa imepinda. Ninaiamini zaidi ile iliyopinda kuliko zile nane zilizonyooka. Basi beji hii si ya kununuliwa, na pia si safi kama inavyoonekana kwenye fulana. Iko katikati, na katikati ndiko mnakoteseka wewe na yeye.

Kitabu cha kumbukumbu ni jambo jingine, na hapo sitaki kukupunguzia uzito. Tarehe na saa zilizotajwa na baba na kuandikwa na mtoto hazihusiani na mafundi tena. Ni maandishi yenye jina la kijana yanayosema jambo ambalo hakulifanya. Nadhani hilo ndilo lililomfanya akuulize kanuni ya kwanza. Ila kumbuka pia meza ile ilivyokuwa jioni hiyo: upande mmoja mzazi aliyelipa, aliyechoka, anayefurahi, upande mwingine mtoto anayemtegemea. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mmoja, lakini kauli haikuwa yake. Ukimhukumu, mhukumu kwa ukubwa wa sehemu yake.

Sasa nikuulize. Umenieleza alichosema, alivyokutazama, alivyokuomba usimwambie mtu. Sijaona mahali ulipomuuliza anataka nini. Ulimtuliza, kama ambavyo shangazi yeyote mwenye upendo angefanya, na alipokujibu kwa swali la kanuni, mazungumzo yakaishia hapo. "Usimwambie baba" inaweza kuwa na maana nyingi. Inaweza kuwa hofu. Inaweza kuwa anamlinda baba yake asione aibu, maana huenda naye amekisikia kile kisa cha cheti kwenye mfuko wa nailoni. Inaweza kuwa anataka kusema mwenyewe, ila alitaka kwanza kusikia sauti yake ikilitamka. Au inaweza kuwa anatamani kabisa mtu mzima fulani avunje ahadi, ili mambo yafunguke bila yeye kuonekana msaliti. Kila moja ingekupeleka njia tofauti, na wewe umekaa unachagua njia kabla ya kujua ni ipi.

Na kuhusu ahadi, bila kukulaumu: mumeo anajua. Ndoa ni ndoa, wengi wangefanya hivyo. Lakini maana yake siri hii tayari ina watu watatu, na nyumba zetu kuta zake ni nyembamba. Ingefaa kijana asikie hilo kutoka kwako kabla halijamfikia kwa mlango mwingine.

Tuzitazame njia zenyewe, kila moja na miba yake.

Unaweza kusimama na kuhutubia. Umeiona hotuba kama kitu kimoja tu, ama uusifu mradi wote ama ukatae. Lakini hotuba unaiandika wewe. Una miaka sita ya mtoto huyu mkononi mwako: skafu ya zamani, mguu wa meza, siku alipobisha kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, watoto sita na misumeno. Yote hayo ni kweli na yanatosha kumtoa bibi machozi. Hulazimiki kutamka idadi ya rafu. Na rafu zenyewe, hata zilisimamishwa na nani, zimeviondoa vitabu sakafuni. Kwenye beji ya skauti ya asili kuna utepe wenye ncha zilizopinda juu kama mdomo unaotabasamu, na chini yake kinaning'inia kifundo kidogo, ukumbusho wa kutenda tendo jema kila siku. Tendo jema pale shuleni limetendeka. Unaweza kulisemea bila kusema lilitendwa na mikono ya nani.

Miba ya njia hii ni miwili. Kijana anaweza kusikia ulichokiruka kwa sauti kubwa kuliko ulichokisema, na akajisikia kana kwamba umemfunika kwa ustadi, kama baba alivyofanya, ila kwa maneno mazuri zaidi. Na kaka yako, kwa furaha yake, anaweza kuinuka na kujaza pale ulipopaacha wazi: "Rafu kumi na mbili, jamani, peke yake!" Utafanya uso gani? Mimi ningemwonyesha kijana hotuba kabla, aisome yote, achore mstari pale anapotaka uondoe. Hapo angalau ingekuwa ni hotuba yenu wawili.

Njia ya pili ni kumwendea kaka. Najua umeahidi, kwa hiyo hii ina mlango mmoja tu halali, nao ni kijana akubali, au muende pamoja. Lakini tuseme mlango umefunguka. Ungemkuta baba wa namna gani? Wewe unamjua, mimi namjua kwa sentensi zako tatu tu, nazo zinanionyesha mtu anayeandaa sherehe mbili kwa wakati mmoja: ya mwanawe, na ya yule mvulana aliyerudi kwa miguu. Anayeingia na maneno "umemharibia mtoto" atakuwa anazizima zote mbili, na sidhani atamsikiliza hata mwanzo. Anayeanza na kile kisa cha cheti huenda akapata sikio. Sisemi alichofanya ni sawa. Aliogopa mtoto wake akose, akafanya ambalo wazazi wengi wanaoogopa hufanya: akakishika kitu mwenyewe. Hatari yake ni kwamba akijua sasa kwamba mwanawe anaumia, wakati ukumbi umelipiwa, anaweza kuona aibu kubwa, na aibu kwa watu wa namna yake mara nyingi hutoka kama hasira. Na hasira hiyo itamwangukia nani ndani ya nyumba ile ninyi mkishaondoka? Wifi yako hukumtaja kabisa. Je, anajua? Pengine yeye ndiye mlango ulio karibu zaidi.

Kuna kiongozi wa skauti. Unaogopa kwamba beji itanyang'anywa, na siwezi kukuahidi kwamba haitakuwa hivyo. Ila naona tofauti kubwa kati ya wewe kwenda kwa kiongozi nyuma ya mgongo wa kijana na kijana kwenda mwenyewe, wewe ukiwa umeketi pembeni yake. La kwanza ni mashitaka. La pili ni kijana anayetimiza ile kanuni aliyokuuliza, na kiongozi anayewajua vijana wake ataiona tofauti hiyo. Huenda akamwambia arekebishe maandishi na atajwe aliyesaidia. Huenda akamwongezea kazi. Huenda akasema beji isubiri. Hapo ndipo umri unapoingia: vyama vingi vina kikomo, na kwa wale wa Marekani niliowataja, masharti lazima yakamilike kabla kijana hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa maombi maalumu yenye sababu nzito. Hukuniambia amebakiza muda gani afikie 18, wala utaratibu wa kwenu ukoje. Hilo ni la kuulizia mapema, maana kijana mwenye miezi minane mbele yake anaamua kwa namna moja na mwenye wiki tatu anaamua kwa namna nyingine. Unaweza kumuuliza kiongozi kwa ujumla, bila jina la mtu.

Halafu kuna njia ambayo hukuitaja: sherehe ifanyike, na kuhusu mradi aongee yeye. Sijui kama ataweza, si kila kijana angeweza, na sitaki umsukume huko kwa sababu tu linasikika vizuri. Lakini wapo ambao mzigo wao unapungua wakipewa dakika tano na kuachwa waseme walivyotaka. Anaweza kuwashukuru mafundi kwa majina. Hebu fikiria hilo tu: kijana anasema, "Rafu nne tulitengeneza na kikosi changu, nane walitusaidia mafundi walioletwa na baba, nawashukuru sana." Hakuna aliyeanikwa, na uongo wa ukumbini umekwisha. Kitabu bado kitabaki na maandishi yake, hilo halitibiki jukwaani. Na pia, ikimtoka vibaya, au sauti ikikatika katikati, mbele ya bibi na fulana zote zile, ni yeye atakayeishi na siku hiyo. Kwa hiyo liwe wazo la kumpelekea, si mpango wa kumpangia.

Kunyamaza kabisa nako ni njia, nisiidharau. Familia nyingi zimeishi na mambo makubwa kuliko rafu nane. Kijana anaweza kukuambia, "Shangazi, acha ipite, nitafanya jambo jingine baadaye, kwa mikono yangu, bila beji." Ukisikia hivyo, sikiliza anavyolisema. Akisema kama mtu aliyeamua, huenda ameamua kweli. Akisema huku anakwepa macho yako, ujue bado ameshika ile ncha ya shuka, na huenda akaibeba miaka. Nimepokea barua za watu wazima wanaokumbuka tuzo waliyoipata utotoni na ambayo hawajawahi kuiweka ukutani.

Sasa wivu. Umeandika mara mbili kwamba si wivu, na mara ya pili umeandika "narudia". Mimi si hakimu wa moyo wako, na mumeo pia si hakimu wake. Lakini naona kwamba umejipa kazi ya kuthibitisha kuwa moyo wako ni mweupe ndipo uruhusiwe kusema lolote. Hakuna sharti hilo. Unaweza kumpenda mtoto wa kaka yako na bado ukaumia kwa ajili ya wako, chakula kimoja cha usiku kikabeba yote mawili. Maumivu ya mwanao kukosa ada ya kambi ni ya haki, yana sababu yake na historia yake. Ninachokuomba ni uyatenge. Kama siku moja utajikuta njiani kwenda kwa kiongozi wa skauti, simama kidogo ujiulize unakwenda kwa ajili ya mtoto yupi. Ukijibu kwamba ni kwa ajili ya yule aliyeshika shuka, endelea. Ukisita, rudi nyumbani kwanza.

Na tumrudie mwanao. Umempa sentensi chache tu, na ndani yake kuna kijana aliyeacha kitu alichokipenda ngazi mbili kabla ya mwisho kwa sababu hakutaka mama yake aombe. Miaka miwili baadaye anaombwa avae fulana yenye picha ya binamu yake aliyefika. Sijui kama amekwishaambiwa ataketi wapi siku hiyo, au kama kuna aliyemuuliza anajisikiaje. Pengine hajali tena. Pengine anajali kuliko wewe. Siri ya binamu yake si ya kumpelekea, hiyo iache mahali pake. Lakini yeye mwenyewe ni wa kuzungumza naye, na hilo halihitaji ruhusa ya mtu yeyote wala halingoji sherehe. Muulize kama anataka kuja. Akisema hataki, usimlazimishe kwa ajili ya picha ya familia, hata bibi akiuliza yuko wapi.

Mshauri wako